Mahali Anapoishi Sasa

Mwezi uliopita nilirudisha funguo mbili na muhuri mmoja, nikasaini kwamba nimevirudisha, na vijana wa ofisi wakaninunulia fanta. Yule anayekaa kwenye kiti changu sasa akaniomba niandike niliyoyaona kazini, ili wao wasirudie kila kosa tangu mwanzo. Nimekubali. Sitaandika nilipandishwa lini wala nililipwaje, kwa sababu hayo hayakumsaidia mtu yeyote aliyeingia mlangoni kwetu. Nimesoma hadi darasa la sita, tena katika kambi ya wakimbizi, kwa hiyo mnivumilie pale sentensi itakapokwama.

Kazi yetu, kwa asiyeijua, ilikuwa kuwasaidia watu waliotaka kinga ya mahakama, yaani ile amri ya hakimu inayomkataza mtu, mara nyingi mume, asimkaribie yule anayemuumiza. Wateja waliiita karatasi ya kinga. Kuiandika hakukuwa kugumu. Kilichokuwa kigumu ni kuficha jina, mahali na habari za mwombaji mpaka karatasi itoke, na baada ya kutoka pia. Basi siwezi kuketi leo nikamwaga siri zao kwa sababu tu nimestaafu. Majina ya wateja humu si yao. Nimebadilisha vilima, yaani vijiji vyao, herufi za bloku za kambini, idadi ya watoto na biashara. Makosa sikuyabadilisha, maana hayo ni yangu.

Nilianza Muyinga, kaskazini mwa Burundi, miaka ile malori yalipokuwa yakishusha watu kutoka Tanzania kila wiki, na magodoro yao, kuku wao, na milango ya mbao waliyoing'oa kambini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshuka kwenye lori kama hilo miezi michache kabla, pamoja na mke wangu Konsolata. Shirika dogo la msaada wa sheria lilikuwa limekodi nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko, na lilitafuta zamu, yaani mlinzi, wa kukaa langoni, mradi ajue kuandika. Nilijua kuandika. Nilipewa kiti, koti la mvua, na daftari kubwa ambalo kila anayeingia alitakiwa kuandika jina, kilima anachotoka na shida iliyomleta.

Nililipenda daftari lile. Nilipiga mistari kwa rula. Siku ile ile ya kwanza, karibu saa nne, alifika mwanamume mmoja mpole, akachukua kalamu, akainama juu ya ukurasa na kukaa hivyo kwa muda mrefu. Nikadhani hajui kusoma vizuri na anaona aibu. Nilimwonea huruma. Nilimsogezea daftari kwenye mwanga, na alipofika chini ya ukurasa nikamsaidia kurudi nyuma ukurasa mmoja.

Mama Zaituni aliona kupitia dirishani. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea wateja ndani. Mama wa Kiislamu kutoka Nyamugari, Gitega, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitoka na kikombe cha chai kana kwamba ananiletea, akajikwaa mahali pasipokuwa na kitu, na chai yote ikamwagikia ukurasa. Akamwomba yule baba radhi kwa maneno mengi, akasema mikono yake imezeeka, akaondoka na daftari likitiririka. Yule baba hakuandika jina lake. Alisema atarudi, akaenda.

Mama Zaituni aliniita jikoni. Hakupaza sauti.

"Severini, mistari yako iko mizuri sana," akaniambia. "Lakini ule mwanaume alikuwa natafuta bibi yake, na we ulikuwa namgeuzia kurasa."

Mkewe alikuwa ameandikishwa mstari wa nne, asubuhi ile ile, kwa mkono wangu, na kilima alichojificha. Wakati huo alikuwa chumba cha ndani, hatua kumi kutoka kwetu. Mama Zaituni alimtoa kwa mlango wa nyuma. Mimi nilikaa langoni mchana kutwa nikitazama viatu vyangu, nikingoja kufukuzwa. Sikufukuzwa. Kesho yake nilipewa kisu, daftari kavu na amri ya kulikata vikaratasi vidogo, kila mtu na chake, na kila kikaratasi kiende ndani kimekunjwa. Nilikata mpaka saa saba. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kwanza, na mpaka leo sijahudhuria mengine yaliyonifaa zaidi.

Alinifundisha kidogo kidogo, akinitania. Kiswahili changu cha Tanzania alisema kimevaa tai. Nikisema "tafadhali subiri hapo kidogo," anaitikia kutoka ndani, "Mukae, amesema mukae." Lakini alipoona siachi kitu mezani, akanitoa langoni na kunipa kabati. Tulikuwa na makabati mawili ya chuma. La kwanza lilikuwa na habari: nani alifanya nini, siku gani, kovu liko wapi, na juu ya faili namba tu. La pili lilikuwa na majina na namba zake, bila habari yoyote. Ufunguo wa la kwanza ulikaa kwangu, wa la pili kwake. Mtu akivunja kabati moja atapata majeraha yasiyo na mwenyewe, au majina ya watu wasio na shida. Faili mezani hulala kifudifudi, hata ukiwa peke yako chumbani. Karatasi iliyokosewa haitupwi kwenye debe la taka. Inachomwa kwenye jiko la chai, na mwenye kuikosea ndiye anayekoroga majivu.

Jambo ambalo lilitusaidia kuliko makabati yote ni ardhi. Miaka ile kila aliyerudi alikuwa na kesi ya shamba. Ulikuta mtu mwingine amelima kwenu miaka kumi, au amejenga, au amezika. Shirika letu lilishughulikia hayo pia. Mama Zaituni akaamua kwamba mbele ya mlango wetu hakuna shida nyingine duniani isipokuwa ardhi. Mama mwenye jicho lililovimba akiulizwa na jirani kwenye benchi, anajibu "ardhi," na jirani anatikisa kichwa na kuanza kueleza mipaka ya kwake. Tuliwaita wote "mtu wa ardhi." Hakuna aliyeshangaa. Vijana wangu, nyinyi mna milango ya vioo na bango lenye picha ya mwanamke anayelia. Nimesema mara mbili kwenye mikutano kwamba bango lile litolewe, na naliandika hapa mara ya tatu.

Kilichonishinda kwa muda mrefu ni salamu. Kwetu, kumpita mtu unayemjua bila kumuuliza habari za nyumbani, za watoto na za mifugo ni kumwambia kwamba umemchukia. Lakini kanuni yetu ilikuwa hii: mteja ukikutana naye njiani, humjui, mpaka yeye aanze. Kwa sababu aliye pembeni yake atauliza, huyu umejuana naye wapi? Wiki ya kwanza ya kanuni hiyo nilimpita mama mmoja sokoni nikiwa nimekaza shingo. Siku ya pili alikuja ofisini kulalamika kwamba zamu aliyepandishwa cheo siku hizi anawapita watu kama mbuzi. Nilimweleza sababu. Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaninyamazia njiani kwa miaka yote iliyofuata, kwa ustadi kuliko wangu.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Konsolata aliniuliza siku ilikuwaje, nami nikajibu ilikuwa ndefu. Mwanzoni alidhani nina jambo naye. Baadaye alizoea, akawa yeye ndiye anayenieleza ya kwake: shule alikofundisha kushona, nani amekosana na nani, bei ya kitambaa. Alinitangulia mwaka jana. Siku za mwisho, hospitalini, alisema kwa mzaha kwamba ameishi na mume ambaye nusu ya siku zake hazijui. Nilitaka kumwambia moja, hata moja tu, sikuwa na haki. Sijutii kunyamaza. Ila ninapokula peke yangu sasa naikumbuka ile meza, mmoja akisema na mwingine akiwa na mdomo umejaa habari za watu.

Ofisi ilipofungua chumba Gitega, kabla mji ule haujawa makao makuu na magari meusi hayajaanza kuutafuta, Mama Zaituni alirudi kwao akakiongoza. Mimi nilikaa Muyinga siku mbili za mwanzo wa wiki, na siku zilizobaki Gitega, nikibeba mafaili kwenye mfuko wa unga. Ndipo likaja faili ninalotaka mlisome vizuri.

Nitamwita Rozata. Alitoka kilima kimoja cha Muyinga na watoto wawili. Alikuwa amekulia kambi ileile niliyokulia mimi, na huko huko ndiko alikoolewa. Mume wake namkumbuka akipiga ngoma kanisani kambini, na namkumbuka pia siku aliporudi akakuta shamba la baba yake lina nyumba ya mtu mwingine. Sisemi haya ili kumtetea. Watu wengi walikuta hivyo na hawakumvunja mtu mbavu. Rozata alikimbilia Gitega, kwa mwanamke aliyekuwa jirani yao kambini, Mama Keziya, muuza mawese wa mtaa wa Magarama. Akaja kwetu kuomba karatasi ya kinga.

Ombi lilipaswa kupelekwa tiribunali, yaani mahakama, ya Muyinga, kwa kuwa mume alikaa huko, na nakala yake angepewa mume ili ajibu. Fomu ilikuwa na nafasi iliyoandikwa: Mahali anapoishi sasa. Karani wa tiribunali alikuwa anarudisha fomu yoyote yenye nafasi tupu, na alikuwa ameturudishia nne. Kuandika Magarama kusingewezekana. Kuandika uongo sikuweza. Sijisifu, nilivyo ni hivyo, uongo ukinitoka unaonekana hata kwenye mwandiko.

Nikapata wazo, na nilifurahi nalo. Nikaandika jina la kambi yetu, kisha: Bloku D, mstari wa saba. Ndiko alikokuwa akiishi Rozata akiwa msichana, ndio mahali pa mwisho pa kwake yeye mwenyewe, kwa hiyo haikuwa uongo mtupu. Na kambi ilishafungwa. Nyumba zilibomolewa, tope likarudi kuwa ardhi, miti ikaota. Nani atakwenda kumtafuta mtu mstari wa saba wakati mstari wenyewe haupo? Karani aliona nafasi imejaa, akagonga muhuri.

Siku ya tisa baada ya muhuri huo, mchana, mume alifika Magarama. Alibisha hodi kwa adabu kwenye ua wa Mama Keziya, akaulizia familia. Mama Keziya alielewa, akasukuma mlango wa ndani ili Rozata apate muda. Mlango ulizuiwa na mguu wa mume, ukafunguka kwa nguvu, na mkono wa Mama Keziya ulikuwa kati yake na ukuta. Ulivunjika mahali pawili. Rozata alitoka nyuma na watoto, mmoja bila viatu, akafika Nyamugari nyumbani kwa Mama Zaituni, na kabla ya jioni Mama Zaituni alikuwa ameshampeleka pengine. Pengine wapi, hakuniambia. Wala mtu yeyote.

Wote tulijiuliza amejuaje. Rozata alikuwa na jibu lake. Nje ya ofisi aliyejua ni Mama Keziya peke yake, basi ni Mama Keziya aliyesema; mkono ulivunjika kwa sababu alijutia dakika ya mwisho. Mama Keziya alikuja ofisini na plasta mpaka kwenye kiwiko. Hakulilia mkono. Alituma salamu tatu kwa Rozata kupitia kwetu na zote tatu zilirudi bila jibu. "Mtoto niliyemsuka nywele," alisema. "Afadhali angenitukana." Na Rozata alikuwa ametuma neno jingine: kwamba siku ya tiribunali atakwenda kumwambia hakimu amemsamehe mumewe, alifute ombi, arudi kilimani. Kama hata mtu wa mstari wake anamuuza, hakuna maficho. Afadhali kupigwa ukiwa kwako kuliko kuwindwa.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa kwenye dirisha la kupokea watu, ofisi ya Muyinga. Mume akaingia, amevaa shati safi. Akaweka nakala ya ombi mbele yangu na kidole kwenye ile nafasi.

"Nani aliandika hapa?"

Nikamwambia ofisi ndiyo inayoandika.

"Hapana, ndugu yangu. Huyu ni mtu wa kambini. Mrundi wa hapa angeandika kilima." Alikuwa akitabasamu kabisa. "Mimi nilimtafuta kwa kaka yake. Nilimtafuta mpakani. Mstari wa saba nilikuwa nimeusahau. Nikauliza tu, wa mstari wa saba nani yuko mjini? Mtu wa kwanza niliyemuuliza akajua. Mwambie aliyeandika, namshukuru."

Akaikunja karatasi akaondoka.

Niwaeleze wale ambao hamkukaa kambini. Mstari ni vibanda ishirini vilivyotazamana. Mnachota maji bomba moja, mnapokea chakula siku moja, mnazika pamoja. Tuliporudi tulitawanywa kwenye vilima vya baba zetu, kati ya watu tusiowajua, wakituita Watanzania. Tulichobaki nacho ni mstari. Mpaka leo naweza kukutajia watu wa mstari wangu wote, na kila mmoja yuko wapi. Niliandika mahali palipokufa nikidhani hapawezi kumwonyesha mtu njia, na kumbe kwa mtu wa kambini ndiyo anwani pekee isiyobadilika. Karani wa tiribunali asingelijua hilo. Mama Zaituni asingelijua. Mimi nilipaswa kulijua.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Hakuna aliyekuwa akiniuliza. Siku ya tatu nilipanda gari la abiria kwenda Gitega, nikamkuta Mama Zaituni anapanga mafaili, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Kisha nikamwomba aniambie Rozata yuko wapi, niende nikamweleze mwenyewe, ana kwa ana, kama inavyompasa mtu mzima.

Aliendelea kupanga. "Unataka kujua anapolala?"

"Nataka kumwambia ukweli, mama."

"Bon. Ukishajua, ule bwana akija tena dirishani kwako, akikuuliza, utasema nini? We hujui kudanganya. Uso wako utamwambia." Alivua miwani. "Mi sikuambie. Si azabu. Mi niko namlinda na wewe. Andika, nitapeleka."

Niliandika barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Mama Keziya hakusema neno. Mimi ndiye niliyeandika mstari wa saba kwenye karatasi aliyopelekewa mume wako. Nilikuwa bloku C, nilipaswa kujua. Usirudi kule kwa sababu ya kosa langu. Nikatia sahihi na jina langu kamili. Mama Zaituni akaniambia jina la nini, barua ikianguka mikononi mwa watu kazi imekwisha. Nikamwambia kwamba barua isiyo na jina itakuwa kama ya mtu aliyetumwa na Mama Keziya. Akafikiri, akaikunja, akaiweka kifuani.

Baada ya siku nne nilimuuliza jibu. "Amesoma," akasema. "Amekunja."

Siku ya tiribunali Mama Zaituni hakuja. Alibaki Gitega kwa makusudi. "Nakutuma we," aliniambia, "kwa sababu hujui kusema uongo, na hujui kitu." Nilisafiri na Mama Keziya, mkono wake kwenye kitambaa. Fomu mpya, ya kumpa hakimu mkononi bila kupitia kwa karani, nilikuwa nimeijaza mwenyewe, na ile nafasi nilikuwa nimeiacha nyeupe. Hatukujua kama Rozata atakuja, wala akija atasema nini.

Alikuja. Alikuwa peke yake, na viatu vyake vilikuwa na udongo ambao sikujaribu kuufikiria ni wa wapi. Benchi lilikuwa limejaa. Alimwona Mama Keziya amesimama ukutani. Akachukua mfuko wake uliokuwa umekaa pembeni yake, akaupakata. Nafasi ya mtu mmoja ikapatikana. Mama Keziya akaketi. Hawakusalimiana.

Hakimu alikuwa mtu wa makamo aliyechoka, si mbaya. Alimuuliza Rozata kama anaendelea na ombi au analifuta, maana amesikia yote mawili. Mume alikuwa ameketi ng'ambo, akimtazama kwa upole ule ule.

Rozata akasimama. "Kabla sijajibu, mheshimiwa, naomba kuuliza. Kwenye hiyo karatasi pameandikwa naishi wapi?"

Hakimu akatazama fomu, akatazama tena, akaniita. Akaniuliza kwa nini nafasi iko tupu, na mwombaji anaishi wapi.

"Sijui, mheshimiwa."

Mume akacheka kwa sauti. Akasema huyu ndiye mwandishi wao, huyu ndiye aliyeandika bloku, anajua kila kitu, aulizwe vizuri. Hakimu aliniambia niinue mkono, niape, kisha akauliza tena, polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujisahihisha.

Nimeapa mara nyingi mahakamani, na kila mara nilikuwa nimebeba kitu cha mtu na kuogopa kitanidondoka. Siku ile sikuwa nimebeba kitu. Nikasema naapa, sijui anaishi wapi, sijui upande gani wa nchi, na sikuuliza. Nikasema anayejua ni mtu mmoja tu wa ofisi yetu, na hayupo hapa. Tiribunali ikiwa na barua ya kumpelekea, itukabidhi ikiwa imefungwa, nasi tutarudisha nakala yenye kidole gumba cha mwenyewe.

Hakimu akauliza kama sheria inakubali hivyo. Karani hakujua. Mimi sikujua. Feni ilikuwa haifanyi kazi, na watu waliokuwa nje wakingoja kesi zao za mashamba walikuwa wamesogea dirishani kusikiliza. Mwishowe hakimu akachukua kalamu na kuandika yeye mwenyewe kwenye ile nafasi, akisoma neno kwa neno kadiri anavyoandika: "Panajulikana na ofisi inayomsaidia." Akagonga muhuri wake juu yake. Akamgeukia Rozata.

"Nimekujibu. Sasa nijibu."

Rozata alitazama karatasi ile, si mimi, wala mumewe.

"Naendelea," akasema.

Amri ilitolewa kabla ya saa sita. Mume aliambiwa umbali ambao hataruhusiwa kuuvuka, na adhabu yake kama atauvuka. Alisikiliza kichwa kikiwa chini. Polisi wakambakiza ndani kwa saa nzima ili mkewe apate kuondoka. Jambo hilo Mama Zaituni alikuwa ameliomba kwa maandishi, na tangu siku hiyo tuliliomba kwa kila kesi. Msiache kuliomba.

Nje, kwenye ngazi, nilikuwa nikifunga mfuko wangu wa unga. Rozata akasimama mbele yangu, Mama Keziya nyuma yake. Nikangoja nitukanwe. Nilikuwa tayari, nilifikiri hata ingenifaa.

"Uliandika ulikuwa bloku C," akasema.

"Ndiyo."

"Juu ya barabara au chini?"

"Chini. Karibu na bomba."

Akatikisa kichwa kama mtu anayeweka kitu mahali pake. "Basi tulichota maji pamoja," akasema. Hakuongeza la msamaha wala la lawama. Akachukua mfuko wa Mama Keziya, kwa kuwa yule alikuwa na mkono mmoja tu, wakaanza kushuka kuelekea barabarani.

Barabara ile ina pande mbili. Mmoja unakwenda Gitega, mwingine mpakani. Niligeuka nikaingia ndani kabla hawajaifikia.